Jamaa Yetu Aliyebaki Milimani Wakati wa Mtunya



Kila mwezi katika gazeti hili la nyumba zetu twasoma habari za waliobatizwa, za waliofunga ndoa, na za waliolala katika Bwana. Ni desturi njema, maana jina lililoandikwa halipotei upesi. Mwezi huu sisi wa nyumba moja ya Kibaigwa twaomba nafasi tuwaeleze habari ya jina ambalo halikuandikwa, wala halikutajwa nyumbani mwetu kwa muda wa miaka tisini. Si habari ya kujisifu. Wazee wetu waliinyamazia kwa sababu ya haya, na kimya chao kiliwaumiza watu ambao sisi hatukujua ya kuwa wapo. Twaiandika ili mwenye habari ya namna hii nyumbani mwake asikawie kama tulivyokawia sisi.

Mwanzo wake ulikuwa hospitalini. Mwaka 2009 shangazi yetu, dada mkubwa wa baba zetu, alikwenda Singida kumwona mwanawe, akaugua huko, akapelekwa hospitali ya Makiungu. Tukawa twaenda kwa zamu kumwuguza. Hospitali ile ilihudumiwa kwa miaka mingi na masista wa shirika lililoanzishwa mwaka 1937 na Mama Mary Martin, mwanamke wa Dublin katika nchi ya Ireland. Nasi tulimkuta huko sista mmoja mzee, mzaliwa wa nchi ile ile, ambaye jioni alipenda kuzunguka vitandani akiwaamkia wagonjwa kwa Kiswahili kizuri. Alipojua ya kuwa sisi ni watu wa Ugogo alivuta kiti, akakaa, akatuuliza habari za mvua, za uwele na za ng'ombe, kama mtu aliyekulia shambani; na kweli ndivyo alivyokulia.

Siku moja alitwambia ya kuwa alipokuwa likizo kwao alikuta wageni kutoka Australia wamefika kijijini. Wageni hao hawakuja kwa biashara wala kwa matembezi. Walikuwa wakienda kutoka kaburi hadi kaburi, wakisoma majina yaliyochongwa juu ya mawe, wakitafuta watu wa babu zao. Tukacheka kidogo, tukamwuliza, "Sista, Mzungu naye hupotelewa na ukoo wake?" Akasema, "Wanangu, sisi tumepotelewa kuliko ninyi." Ndipo akatusimulia.

Katika mwaka 1845 ugonjwa uliingia mashamba ya viazi ya Ireland, na viazi ndivyo vilivyokuwa chakula cha maskini wa nchi ile. Njaa ikashika hata mwaka 1852. Watu kama milioni moja wakafa, na wengine milioni moja au zaidi wakapanda merikebu, wakaenda Marekani, Kanada, Uingereza na Australia. Hata sasa wajukuu na vitukuu vya watu hao huandika barua, au hufika wenyewe, wakiuliza, "Je, mwamjua mtu wa jina letu?" Majina yao yawasaidia, kwa kuwa majina mengi ya Ireland yana nasaba ndani yake: Mac maana yake ni mwana wa fulani, na Ó maana yake ni mjukuu au mzao wa fulani. Lakini jina peke yake halitoshi, maana wenye jina moja ni maelfu. Tena mwaka 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, nyumba ya kumbukumbu za serikali mjini Dublin iliungua, na daftari nyingi za kuhesabu watu zikawa majivu. Basi watafutao hushika yale yaliyosalia: vitabu vya ubatizo na ndoa vilivyokaa parokiani, orodha ya wapangaji wa mashamba iliyosimamiwa na Richard Griffith tangu mwaka 1847 hata 1864, hesabu za watu za miaka 1901 na 1911, mawe ya makaburi, na zaidi ya yote, vinywa vya wazee. Siku hizi wengine hupima vinasaba kwa mate. Hata hivyo, asema Sista, kipimo hukwambia ya kuwa fulani ni jamaa yako, hakikwambii kwa nini mliachana.

Kisha akasema neno la nyumbani kwake mwenyewe. Kati ya mwaka 1848 na 1850 wasichana zaidi ya 4,000 walitolewa katika nyumba za maskini za Ireland, wakapelekwa Australia kwa merikebu wakawe watumishi na wake za watu huko. Mmoja wao alikuwa dada wa babu wa babu yake. Katika nyumba yao ilisemwa siku zote ya kuwa msichana yule alikwenda kwa hiari yake, akitafuta kazi. Wale wageni wa Australia walikuwa wazao wake, nao walikuja na habari nyingine: ya kuwa alikuwa na umri wa miaka kumi na minne, na ya kuwa alilia njia nzima. "Tulifurahi kuwaona," akasema Sista, "na tuliaibika. Yote mawili kwa siku moja." Halafu akatuuliza, "Na kwenu? Nani alipotea?"

Tukajibu kwa haraka, "Hakuna, Sista. Sisi tupo wote."

Shangazi alikuwa amelala, macho yamefumbwa, nasi tulidhani ana usingizi. Tuliposema neno lile akageuka, akaelekea ukutani, wala hakula chakula cha jioni.

Mungu alimjalia kupona. Tulipomrudisha Kibaigwa alikaa majuma mawili pasipo kusema neno. Kisha jioni moja alituita sote, wana wa kaka zake, akasema, "Wanangu, mlimwambia Sista uongo, lakini kosa si lenu. Mlidanganywa na sisi."

Wasomaji wa Ugogo wamesikia habari za Mtunya. Ni jina la njaa kubwa iliyotupiga tangu mwaka 1917 hata 1920. Vita vya Wazungu vilikuwa vimepita katika nchi yetu. Wadachi kwanza, kisha Waingereza, walichukua ng'ombe na nafaka kwa ajili ya majeshi, na vijana wakachukuliwa kuwa wapagazi. Kisha mvua zikakosa. Kisha ikaja ile homa ya mafua iliyoua watu dunia nzima mwaka 1918 na 1919. Waingereza walikisia ya kuwa katika wilaya ya Dodoma, iliyokuwa na watu kama 150,000, walikufa kama 30,000. Wenye nguvu walihama, wakaenda kokote wasikokufa. Na wengine, wasipokuwa na kitu kingine cha kutoa, waliwaweka watoto wao rehani kwa wenye chakula, wakikusudia kuwakomboa mvua zitakaporudi.

Basi mwanzo wa mwaka 1919 baba wa babu yetu aliondoka katika nyanda hizi na watoto wake wawili, akaelekea mawio ya jua, katika milima ya Ukaguru, ambako mvua haikukosa kabisa. Mkubwa alikuwa babu yetu, mvulana wa miaka kumi na mitatu hivi. Mdogo alikuwa dada yake, mtoto wa miaka saba. Walikwenda watatu, wakarudi wawili, na vikapu viwili vya mahindi. Mtoto wa kike alibaki huko. Mvua ziliporudi baba yake alikusudia kwenda kumkomboa kwa mbuzi, lakini hakuwa na mbuzi hata mmoja. Akaugua, akafa kabla hajampata. Babu yetu alibaki peke yake na habari ile. Alimwambia mkewe, na mkewe kabla ya kufa alimwambia Shangazi. Hakuna mwingine aliyeambiwa.

"Nani alibeba vile vikapu?" tukamwuliza Shangazi.

Akajibu, "Baba yangu alibeba kimoja."

Hapo tukafahamu jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yetu siku zote. Babu yetu, aliyefariki mwaka 1974, hakula mahindi. Alikula ugali wa uwele na wa mtama, na asipoupata alikunywa maziwa akalala. Sisi tulisema ni ukaidi wa mzee aliyezoea chakula cha zamani. Na ninyi mwajua Kibaigwa ni mji gani! Hapa ndipo yanaposhuka mahindi ya wilaya nyingi. Malori husimama kando ya barabara ya Dodoma na Morogoro, na watu wa mbali huja kununua. Wanawe waliuza mahindi, wajukuu wake walishonea magunia ya mahindi, naye hakutia punje moja kinywani.

Tulikaa kimya usiku ule. Mmoja wetu alisema, "Na tuliache. Waliotenda wamekufa, aliyetendwa naye bila shaka amekufa." Shangazi akasema, "Nami karibu nitakufa. Mwataka niende nikakutane naye huko, aniulize kama nilimtafuta?" Basi hatukuwa na neno la kumjibu, tukaanza kutafuta.

Tulikuwa na nini mkononi? Jina la mtoto, ambalo hatulitaji gazetini. Jina la ukoo wetu na mwiko wake. Na neno "milimani". Milima ya Ukaguru ni mikubwa. Tulianza na wazee wa ukoo, tukapata kidogo sana, kwa kuwa wenye haya ni wale wale wenye habari. Tulisoma pia kile kitabu cha Mathias Mnyampala, mwana wa Ugogo, juu ya historia, mila na desturi za Wagogo, kilichochapishwa mwaka 1954. Tulikisoma kwa faida kubwa, maana koo nyingi za Wagogo husimulia ya kuwa zilitoka nje ya Ugogo, nyingine Uhehe, nyingine Unyamwezi, nyingine huko huko Ukaguru. Tulijifunza ya kuwa kutawanyika na kuunganika si jambo jipya kwetu. Lakini mtoto wetu hakuwamo kitabuni.

Aliyetufungulia njia alikuwa mtani. Ninyi mwajua utani ulivyo: mtani huja msibani akafanya mzaha ambao ndugu hawezi kuufanya, wala hapana ruhusa kumkasirikia. Tangu utoto wetu, kila alipofariki mtu wa nyumba yetu, watani walikuwa wakipita kati ya waombolezaji, mmoja amejitwika kikapu kitupu, mwingine akimfuata nyuma kwa magoti akilia kama mtoto. Watu walicheka, nasi tulicheka. Tulidhani ni mchezo tu. Tulipokwenda kwa mzee wa watani hao, tukamwuliza maana ya kikapu, akatutazama kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe hamkuambiwa! Sisi twawaambia kila msiba tangu siku za babu zetu." Akatutajia mto ambao wale watatu waliuvuka, na upande wa mlima walikoelekea. Kwao habari ilikuwa imehifadhiwa yote, kwa mzaha, kwa sababu wao hawakuwa na haya nayo.

Tukafuata mto. Mara ya kwanza tulikosea, na kosa hili twalieleza kwa ajili yenu. Tulipata nyumba ambayo bibi yao alikuwa Mgogo aliyekuja na njaa. Tukafurahi mno, wakafurahi, mbuzi akachinjwa. Baadaye, tulipohesabu miaka vizuri, tukaona ya kuwa bibi yule alikuja akiwa mtu mzima mwenye mtoto, na kwa njaa nyingine kabisa. Ilitupasa kurudi na kuwaambia. Walihuzunika, nasi tulihuzunika. Atafutaye jamaa kwa hamu kubwa aona uso wa jamaa yake katika kila uso. Kwa hiyo yampasa kuhesabu miaka kabla ya kukumbatia.

Mara ya pili tulikwenda taratibu. Upande ule wa milima Wakristo wengi ni wa Kanisa la Kianglikana, nasi tulimwomba mchungaji wao ruhusa ya kutazama daftari la zamani la ubatizo. Alitupokea vyema. Akakaa pamoja nasi siku nzima, akifungua kurasa kwa uangalifu kwa kuwa mchwa walikuwa wamekwisha kula pembeni. Katika mwaka 1936 tulikuta mwanamke mtu mzima aliyebatizwa. Mahali pa kabila pameandikwa "Mgogo". Mahali pa jina la baba hapana neno. Lakini mwandishi, ambaye Mungu ambariki, aliandika jina lake la zamani kando ya jina jipya la Kikristo, nalo lilikuwa lile lile alilotutajia Shangazi.

Tulitamani kulia, wala hatukuona haya mbele ya mchungaji yule.

Yeye mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 1988. Fikirini, wapendwa: alikuwa hai miaka kumi na minne baada ya babu yetu kufa, na alikuwa hai sisi tulipokuwa vijana wenye nguvu za kutembea. Alikuwa na binti mzee aliye hai, kijiji cha juu ya Gairo. Basi mwaka 2011, baada ya kutuma wajumbe na kupata ruhusa, tulikwenda na Shangazi, tukachukua mbuzi wanne.

Mwenye nyumba alitupokea kwa heshima. Alikuwa mwanamke wa miaka sabini na zaidi, naye alipotoka mlangoni Shangazi alishika mkono wa mmoja wetu kwa nguvu, maana ule ulikuwa uso wa babu yetu. Wakaamkiana. Wakakaa. Mwanawe wa kiume, mtu wa umri wetu, alituamkia vilevile, akampa Shangazi shikamoo yake, lakini hakukaa. Tulimfahamu kwa sura, naye alitufahamu. Alikuwa mfanya biashara wa mahindi sokoni kwetu.

Akasema, "Mama, mimi nashusha mahindi Kibaigwa tangu ujana wangu. Hawa walio nyuma yako wamenunua magunia yangu. Ni njia ya saa moja kwa gari. Miaka tisini na miwili, ni nani kati yenu aliyeuliza?"

Akaendelea, nasi tulimsikiliza. Wagogo twahesabu ukoo kwa baba, lakini Wakaguru huhesabu kwa mama. Mtoto wa Kikaguru akiulizwa, "Wewe ni wa nani?" hutaja watu wa mamaye. Bibi yake alikuwa mgeni asiye na ndugu; kwa hiyo mama yake hakuwa na ukoo wa kutaja, wala yeye. "Siku ya harusi yangu," akasema, "mkeka wa ukoo wa mama ulitandikwa kama desturi ilivyo. Wakaukalia majirani, kwa hisani, ili usionekane mtupu."

Watu wote walimtazama Shangazi. Tulitegemea atasema habari za njaa, za vita, za mbuzi wasiopatikana. Hakusema hayo. Alisema, "Sina jibu, mwanangu. Tuliona haya." Basi.

Ndipo yule mama mwenye nyumba aliposema, na maneno yake yalitushangaza kuliko hasira ya mwanawe. Alisema ya kuwa mama yake hakulalamika juu ya watu wake hata siku moja. Wala hakusema ya kuwa aliwekwa rehani. Watoto wake walipomwuliza alikotoka, alijibu, "Baba yangu alinileta kwenye chakula." Alikumbuka ya kuwa njiani baba alimbeba mgongoni siku nzima, na kaka yake alitembea kwa miguu ingawa naye alikuwa amechoka, na ya kuwa walipoagana kaka yake alikataa kwenda mpaka alipopigwa. Alingoja. Kwa miaka mingi, mvua zilipoanza, alikuwa akitazama njia ya magharibi. Kisha aliacha kutazama, akasema, "Bila shaka wamekufa wote. Kama wangekuwa hai wangekuja."

Mwaona, wasomaji, jinsi jambo moja lilivyokaa katika nyumba mbili. Kwetu alikuwa mtoto aliyetolewa kwa vikapu viwili vya mahindi. Kwake mwenyewe alikuwa mtoto aliyebebwa mgongoni akapelekwa penye chakula. Babu yetu aliishi na habari ya kwanza miaka hamsini na mitano, akaogopa uso wa dada yake. Na dada yake hakuwa na neno baya la kumwambia. Kama angalivuka mto ule mara moja tu, angalisikia. Haya ilimnyima msamaha uliokuwa tayari.

Tulileta wale mbuzi mbele, tukasema ni wale ambao baba yake hakuwaleta. Yule mama akakataa. "Kama ni wa kumkomboa mama yangu, warudisheni. Mama yangu hakuwa rehani katika nyumba hii, alikuwa mama." Tukanyamaza. Kisha akasema, "Lakini kama ni mbuzi wa kula na ndugu, wawili wachinjwe sasa, kabla jua halijapanda." Wakachinjwa. Mwanawe hakula. Alikwenda shambani, wala hakurudi mpaka tulipoondoka. Hatukumlaumu, maana msamaha wa mama si amri juu ya mwana.

Mavuno ya mwaka uliofuata, siku ya soko, lori lake lilisimama kama kawaida. Jioni tulisikia hodi. Alikuwa yeye, ana gunia begani. Alisema, "Natafuta nyumba ya mama mkubwa." Wala hakusema zaidi, naye Shangazi hakumwuliza zaidi. Usiku ule Shangazi aliagiza usongwe ugali wa mahindi yale. Akakaa naye sinia moja, akala, akasema, "Baba yangu alikataa. Mimi nakula kwa niaba yake."

Shangazi alifariki mwaka 2015, na yule ndugu yetu alishika jembe kaburini pamoja nasi. Watani walikuja kama desturi yao. Lakini safari hii yule mwenye kikapu alikuwa amekijaza mahindi, na aliyekuwa nyuma yake alitembea kwa miguu miwili. Mwaka 2019 alifariki yule mama wa Gairo. Tuliitwa mapema. Tulipofika, mkeka wa ukoo wa mama ulikuwa umetandikwa, haujakaliwa na mtu. Majirani waliokuwa wakiukalia siku zote walisimama kando, wakatupisha. Tukakaa.

Tulimwandikia Sista yule, aliyekuwa amekwisha kurudi Ireland kwa uzee. Alijibu kwa maneno machache, ya kuwa ameliweka jina la mtoto wetu katika sala zake, karibu na jina la yule msichana wa merikebu.

Sasa twawaomba neno, wapendwa, kwa kuwa tumelijifunza kwa gharama. Kaeni na wazee wenu wangali hai, mkawaulize si majina ya mashujaa tu bali majina ya waliopotea. Nyumba isiyo na aliyepotea ni nyumba isiyoulizwa vizuri. Andikeni katika daftari moja la nyumba: jina la mtu, la baba yake na la mama yake, ukoo, mahali, na mwaka, na mzee asiyejua mwaka mwulizeni lilitukia nini wakati ule, kama ni reli ilipofika Dodoma mwaka 1910, au ni Mtunya, au ni zile kazi za karanga za Kongwa zilizoanza mwaka 1947. Waendeeni watani, maana wao hutunza yale tuyafichayo. Ombeni kwa adabu kutazama vitabu vya ubatizo, hata vya Kanisa lisilo lenu. Hesabuni miaka kabla ya kuchinja mbuzi. Wala msiende kwa kutafuta urithi au shamba, maana mtu hutambua upesi ajiwacho.

Na mtakapokuta jambo la aibu, msilirukie. Tazameni nasaba ya Bwana wetu iliyo mwanzo wa Injili ya Matayo. Mwinjili angeweza kutaja wafalme peke yao. Hakufanya hivyo, alimtaja Tamari, na Rahabu, na Ruthu mgeni wa Moabu aliyekuja Bethlehemu kutoka nchi nyingine, na mke wa Uria. Na Yosefu, aliyetolewa na ndugu zake kwa fedha, ndiye aliyewalisha wakati wa njaa. Lakini ilibidi kwanza wamtazame usoni.

Daftari la nyumba yetu sasa lipo mezani, na mtoto yeyote ajuaye kusoma aweza kulifungua. Katika ukurasa wa babu, karibu na jina lake, limeandikwa jina la dada yake, na chini yake majina ya wazao wake wa Gairo, kwa mwandiko wa ndugu yetu yule muuza mahindi. Yeye mwenyewe aliomba kalamu.

Sisi wenu katika Kristo, wa nyumba moja ya Kibaigwa.